Kigari cha gofu Nyanda za Juu Kusini: vipimo, siti na banda la kukilaza. Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaoniuliza habari za kigari cha gofu hawachezi gofu. Ni mwenye nyumba ya wageni inayotazama bonde, msimamizi wa shamba la parachichi Rungwe, sista wa hospitali ya misheni anayetaka kuwapeleka wazee kutoka getini hadi wodini bila kuwatembeza mlima. Mimi nimetunza vigari vya nyumba ya wageni ndani ya mashamba ya chai Mufindi, na maswali ni yale yale. Nimeyakusanya hapa ili mtu asome kabla hajalipa hela yake. Vipimo nilivyotaja ni vya vigari vya kawaida, mfano Club Car, E-Z-GO na Yamaha. Modeli hupishana kwa sentimita kadhaa, kwa hiyo kabla ya kumwaga zege pima kigari chako mwenyewe.

Kigari cha siti mbili kina ukubwa gani hasa?

Urefu wake ni kati ya mita 2.3 na 2.4, yaani kama futi nane pungufu kidogo. Upana ni karibu mita 1.2, futi nne. Kwenda juu, kikiwa na paa, ni kama mita 1.75 hadi 1.85. Uvungu wake, yaani nafasi kati ya chuma cha chini na ardhi, ni sentimita 11 hadi 15 tu. Hiki kipimo cha mwisho watu hawakiulizi, na ndicho kinachowasumbua zaidi wakishafika shambani, maana njia zetu zina mifereji ya mvua katikati.

Kuna jambo jingine dogo. Matairi ya mbele yamekaribiana kuliko ya nyuma: mbele ni karibu sentimita 88 kutoka katikati ya tairi moja hadi jingine, nyuma ni karibu 98. Ukitengeneza mbao mbili za kupandishia kigari kwenye gari au barazani, ziwe pana, angalau sentimita 30 kila moja. Ukitumia mbao nyembamba ulizopima kwa matairi ya mbele, ya nyuma yatakanyagia ukingo.

Na vya siti nne au sita?

Siti nne ziko za namna mbili, na bei isikufanye usahau tofauti yake. Namna ya kwanza ni kigari kile kile cha siti mbili kilichoongezewa benchi nyuma, abiria wake wakiwa wametazama walikotoka. Hicho hufika mita 2.7 hadi 2.9. Namna ya pili ina fremu iliyorefushwa na abiria wote wanne wanatazama mbele. Hicho huvuka mita 3 kirahisi. Cha siti sita hukaribia mita 3.6 hadi 3.9. Upana haubadiliki sana, wote ni mita 1.2 na ushei.

Kinachobadilika ni kona. Cha siti mbili hugeuka ndani ya nafasi ndogo, lakini cha siti sita kwenye njia ya mlimani yenye kona kali itakubidi urudi nyuma mara mbili, na kurudi nyuma ukiwa na wageni ukingoni mwa bonde si jambo la kuzoea. Kama njia yako imezunguka kilima, afadhali viwili vya siti nne kuliko kimoja cha sita.

Njia iwe na upana gani? Kitapita katikati ya chai?

Hakitapita. Mistari ya chai hupandwa mara nyingi kwa nafasi ya karibu mita 1.2, na ikishafunga juu hakuna pa kupitisha hata toroli. Kigari kinapita kwenye barabara za shamba tu. Kwa njia ya kwako unayoichonga, weka mita 2.4 za kupitika kama vigari vinakwenda upande mmoja. Kama vinapishana, ongeza hadi mita 3.5 au tengeneza vituo vya kupishania kila baada ya umbali ambao dereva anaona kituo kinachofuata.

Mfereji wa maji uwe pembeni. Msiukatize njiani bila kuufunika. Tukuyu na vijiji vya jirani hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na njia ya udongo mwekundu isiyo na mfereji haimalizi msimu mmoja.

Niinue kigari ili kipite kwenye mashimo?

Unaweza. Vifaa vya kuinulia huongeza sentimita 10 hadi 15, na matairi makubwa zaidi, yale ya kipenyo cha inchi 22 au 23 badala ya 18, huongeza kidogo tena. Lakini fikiria watatu kabla hujamwita fundi.

Wa kwanza ni mlango wa banda: kigari cha mita 1.8 sasa kina mita 2 na zaidi. Wa pili ni bibi. Sakafu ya kigari cha kawaida iko karibu sentimita 30 kutoka ardhini, mtu mzima anaingia kama anavyopanda ngazi ya baraza. Ongeza sentimita 20, na mzee mwenye magoti mabovu hawezi tena bila kubebwa. Wa tatu ni mteremko wenyewe: kigari kilichoinuliwa kinapinduka upesi zaidi kwenye kona. Kwa hospitali na nyumba ya wageni mimi nasema rekebisha njia, kigari kiache kilivyo. Kwa shamba ambako anayepanda ni kijana mmoja na kreti zake, inua.

Siti mbili wanakaa watu watatu?

Benchi lina karibu mita moja hadi mita 1.1. Watu wawili waliovaa makoti ya Juni ya Njombe wanajaa. Wa tatu atakaa nusu nje, mkono wake ukiwa kwenye nguzo ya paa, na nguzo hiyo haikutengenezwa kushikilia mtu. Kataa. Mtoto asipakatwe pia: kigari kikikata kona, mikono ya mama inashika chuma kwanza ndipo imkumbuke mtoto. Kama miguu ya mtoto haifiki sakafuni akiwa ameegemea, amekwisha kuwa mdogo mno kwa siti ile isiyo na mkanda.

Kile kiti kinachotazama nyuma kina hatari?

Kina faida yake, na kina hatari yake, na nimeiona. Mgeni mmoja alikaa nyuma na kijana wake wa miaka kama tisa. Kigari kilikuwa kimesimama kwenye mwinuko. Dereva alikanyaga mafuta ghafla, kikaruka mbele, na kijana akateleza mpaka kwenye ubao wa miguu. Baba yake alimdaka kwa ukosi wa sweta. Tangu siku ile kila kiti cha nyuma kina mikanda na mhimili wa kushikilia kwa mikono miwili, na dereva haondoki mpaka aseme “tunaondoka” na asikie jibu.

Sababu yake ni rahisi. Anayetazama mbele, kigari kikiondoka, mgongo wake unasukumwa kwenye egemeo. Anayetazama nyuma anasukumwa kuelekea hewani. Kupanda mlima kunazidisha. Kwa hiyo kwenye njia za mwinuko mkali waweke watu wote siti za mbele, na kiti cha nyuma kikunjwe kiwe jukwaa la mizigo.

Kinabeba kilo ngapi kwa jumla?

Vingi vya siti mbili hadi nne vina kikomo cha karibu kilo 360, wakiwemo dereva, abiria na mizigo. Piga hesabu: watu wazima wanne wa kilo 80 ni 320. Zimebaki 40, yaani mabegi mawili ya safari.

Sasa mtu ananiuliza kama gunia la viazi la lumbesa linakaa nyuma. Lumbesa huvuka kilo 100, na uzito wote unakaa nyuma ya ekseli ya nyuma. Magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, usukani unageuka lakini kigari kinaenda kinakotaka. Kreti za parachichi za kilo 20, nne au tano, zikipangwa chini na kusogezwa karibu na egemeo la siti, zinakwenda vizuri na dereva mmoja.

Boksi la mizigo nyuma lina nafasi gani?

Maboksi mengi yana upana wa karibu mita 1.1, urefu kama mita 0.9 na kina cha sentimita 25 hivi. Ukinunua kigari kilichotoka uwanja wa gofu kitakuja na sehemu ya kufungia mifuko miwili ya gofu iliyosimama, na mikanda yake. Mfuko wa gofu ukiwa na fimbo zake una kimo cha karibu mita 1.2, na fimbo hazizidi 14 kwa kanuni ya mchezo. Sehemu hiyo haifai kwa kreti. Iondoe, boli ni chache. Lakini usiitupe, mikanda yake ni mizuri na utaihitaji siku ya kufunga kitu kirefu.

Mbele ya dereva kuna vijisanduku vya vitu vidogo. Weka humo tochi, glavu na kitambaa cha kufutia kioo, kwa sababu ukungu wa Mufindi hausubiri jioni.

Banda liwe na ukubwa gani?

Hapa ndipo nataka usome taratibu, maana sisi tulikosea. Tulipima kigari, tukaona mita 1.2, tukajenga mlango wa mita 1.3. Kiliingia siku ya kwanza tukapiga makofi. Siku ya pili vioo vya pembeni vilikwaruza, siku ya tatu dereva aliegesha halafu hakuweza kushuka. Mwezi haukuisha tukabomoa.

Banda linapimwa kwa mtu anayezunguka kigari. Mtu anahitaji sentimita 60 kila upande ili ashuke, ainue siti na kuongeza maji ya betri bila kujibana. Kwa hiyo kwa kigari kimoja cha siti mbili: upana mita 2.4 kwa uchache, mita 3 ukitaka kufanya kazi kwa raha. Urefu mita 3.5 hadi 4. Mlango mita 1.8 hadi 2.4, kimo cha mlango mita 2.1, zaidi kama kimeinuliwa. Kila kigari unachoongeza pembeni kiongezee mita 1.8 za upana. Kwa cha siti sita urefu uanzie mita 5.

Sakafu iwe ya zege, yenye mteremko mdogo sana kuelekea mlangoni ili maji ya kuoshea yatoke. Kuta si lazima ziwe za tofali. Mbao za msonobari za Mafinga zilizotiwa dawa zinatosha kabisa, mradi ubao wa chini usiguse udongo. Bati lako liwe na miisho iliyotoka vya kutosha, kwa sababu mvua ya huku inapiga kwa upande.

Betri zinachajiwa humo humo ndani?

Ndiyo, ila banda liwe na hewa. Betri za asidi zikichajiwa hutoa haidrojeni, gesi nyepesi inayopanda juu na kukaa chini ya bati. Ikifika asilimia 4 ya hewa ya chumba inaweza kulipuka kwa cheche moja ya swichi. Kwa hiyo matundu ya hewa yawe juu, karibu na paa, pande mbili zinazotazamana, na mengine chini ya kuingizia hewa safi. Usiwashe jiko la mkaa humo, hata kama ni Julai na mlinzi anatetemeka. Mlinzi ajengewe kibanda chake.

Soketi iwe ukutani kwa kimo cha kifua, karibu na pale tundu la chaja la kigari litakapokaa, ili waya usiburuzwe sakafuni. Angalia chaja yenyewe kabla ya kuichomeka: vigari vingi vilivyotumika vinatoka Marekani, na chaja ya huko nyingine ni ya volti 120 pekee. Umeme wetu ni volti 230. Soma kibandiko. Kama hakisomeki, mpe fundi umeme aifungue kwanza.

Kuhusu gharama: kigari cha volti 48 chenye betri sita za volti 8 na uwezo wa saa-ampia 170 kina karibu uniti 8 kikijaa. Ukikitumia mpaka nusu na kukirudisha, LUKU yako itapungua kama uniti 5, ukihesabu na zinazopotea kwenye joto la chaja. Usizoee kukimaliza kabisa. Betri za asidi zinazomalizwa kila siku hufa mapema.

Baridi na mwinuko wa huku vinaathiri nini?

Iringa mjini na Mbeya mko juu ya mita 1,500, Mufindi na Njombe mnakaribia 1,900 na zaidi, Kitulo ni juu ya 2,600. Injini ya petroli hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, kwa sababu hewa ni nyepesi. Mota ya umeme haijali hewa. Inayojali ni betri: kwenye nyuzijoto 10 betri ya asidi hutoa pungufu kama asilimia 10 hivi kuliko kwenye 25, na ikikaribia sifuri upungufu unaweza kufika asilimia 20. Asubuhi ya Juni usikipe safari ndefu ya kwanza.

Ukiwa na betri za lithiamu, ambazo uzito wake ni chini ya nusu, kumbuka kwamba hazichajiwi zikiwa chini ya nyuzi sifuri. Makete na Njombe kuna asubuhi za jalidi, kwa hiyo chaji jioni kigari kikirudi kazini betri zikiwa bado na uvuguvugu.

Nina kontena la futi 20. Linaweza kuwa banda la vigari viwili?

Viwili, ndiyo, kimoja mbele ya kingine. Sambamba haiwezekani. Ndani kontena lina upana wa mita 2.35, na vigari viwili ni mita 2.4 hata kabla ya vioo. Urefu wa ndani ni mita 5.9, kwa hiyo viwili vya siti mbili vinaingia na kubakiza kama mita moja. Cha ndani hakitoki mpaka cha nje kitoke, na pembeni utapata kinjia cha karibu mita 1.1 ukikiegesha kimebana upande mmoja.

Shida kubwa ya kontena ni nyingine. Halina hewa, na baridi ya usiku inafanya mabati yatoe jasho ndani. Kata matundu juu, weka dari ya mbao au makuti chini ya bati, na usichaji milango ikiwa imefungwa.

Kirikuu inaweza kukibeba kutoka Dar?

Hapana, na nawaomba msijaribu. Bodi la kirikuu, yaani kile kipikapu kidogo, lina urefu wa karibu mita 1.94 na limeruhusiwa kilo 350. Kigari cha umeme na betri zake ni kilo 400 hadi 480, na nusu mita yake itaning'inia nje. Canter yenye bodi la zaidi ya mita 3 inabeba kimoja. Cha siti sita kitafutie Fuso.

Kabla ya safari ng'oa au funga siti za chini, maana nyingi zimekalia tu bila kufuli na upepo unazipeperusha. Kioo cha mbele kishushwe. Kamba zifungwe kwenye fremu pande nne, kamwe si kwenye nguzo za paa: ukifika mlima Kitonga, paa lililofungwa ndilo litakalobaki mkononi. Chini ya siti ya kigari cha umeme mara nyingi kuna swichi ndogo iliyoandikwa “Run” upande mmoja na “Tow” upande wa pili. Iweke “Tow” kabla ya kukisukuma au kukivuta.

Fremu ya chuma au ya aluminiamu?

Club Car hutumia aluminiamu, E-Z-GO na Yamaha chuma. Kwa Rungwe na mvua yake, aluminiamu ingenipa usingizi. Lakini chuma kilichooshwa tope kila Jumamosi na kupakwa rangi kinapoanza kuchubuka kinadumu, na fundi wa kuchomelea chuma yupo kila mji. Wa aluminiamu ni kazi kumpata.

Breki zinatosha kwa milima yetu?

Nyingi zinashika magurudumu ya nyuma peke yake. Ukiteremka, uzito unahamia mbele, na nyuma ndiko kunakotakiwa kusimamisha. Kwenye majani yenye umande kigari kinateleza kimefunga breki. Teremka moja kwa moja, pole pole tangu juu, usikate mteremko kwa ubavu, na usipakie boksi kupita kiasi. Kwenye barabara kuu usikipeleke: hakikutengenezwa kwenda na malori ya TANZAM, na mwendo wa vingi haufiki hata kilomita 25 kwa saa.

Kikikaa msimu mzima wa mvua bila kutumika?

Kichajiwe kijae, kisha kirudiwe kuchajiwa kila mwezi. Maji ya betri yaongezwe baada ya kuchaji, maji yaliyosafishwa ya dukani. Ya bomba na ya kisima yana chumvi zinazoua betri. Ila ukikuta sahani za ndani ziko wazi, zifunike kwanza kidogo ndipo uchaji. Upepo wa matairi uwe PSI 18 hadi 22. Breki ya kuegeshea usiiache imebana kwa miezi, weka vipande vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu.

Siti zitoe uziweke ndani ya nyumba, la sivyo sponji itaota ukungu mpaka Mei. Halafu panya. Wanapenda joto la chini ya siti na ganda la waya. Kila wiki mbili inua siti, piga tochi, fagia. Turubai la kufunikia liishie sentimita 20 juu ya sakafu, hewa ipite chini na panya asipate pa kupandia.